Boriti za Rufiji na Lamu katika Biashara ya Bahari ya Hindi

Kabla ya saruji na chuma kuenea katika miji ya Ghuba ya Uajemi, dari za nyumba nyingi za huko zilibebwa na boriti, yaani miti ya mikoko iliyonyooka, iliyokatwa kwenye delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu kisha ikasafirishwa kwa majahazi. Biashara hiyo ni ya kale, kwani katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa misaji na kwa miti iliyotoka nchi ya Zanji, yaani pwani ya Afrika Mashariki. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, huko Ghuba kama katika majumba ya mawe ya Lamu.

Majahazi yalishuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na wakataji waliingia mikokoni maji yanapokupwa, wakaitoa miti kwa mitumbwi maji yanapojaa. Miti ilipangwa kwa unene, kuanzia fito na pau, kupitia mazio na boriti, hadi nguzo, ikauzwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Mpango huo ulikuwa na maana kubwa kwa msitu wenyewe. Mkoko uliokomaa hauchipui tena kisiki chake kikikatwa, tofauti na mchu, mti mwingine wa mikokoni. Mkoko hurithiwa na miche inayoota ingali juu ya mti mama, ikadondoka na kujichomeka topeni au kuchukuliwa na maji. Kwa hiyo ukataji uliochagua unene fulani na kuacha miti mama uliweza kurudiwa kizazi baada ya kizazi, ingawa, na hili halipaswi kufichwa, kuondoa daima miti iliyonyooka kuliuachia msitu ile iliyopinda.

Wajerumani waliiweka mikoko ya Rufiji chini ya usimamizi wa misitu mwaka 1898, lakini utawala huohuo uliyathamini magome yake kwa ajili ya tanini, dutu ya kusindikia ngozi, na mti uliobambuliwa gome pande zote hufa umesimama. Madhara ya namna hiyo hayakuletwa na boriti.

Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, aliwakuta Wakuwaiti aliosafiri nao wakipakia boriti Rufiji kama baba zao. Baadaye fedha za mafuta zikaleta zege, na wanunuzi wakapungua. Kenya ilipopiga marufuku usafirishaji nje mwaka 1982, na Tanzania ukataji wenyewe mwaka 1987, soko lililolengwa lilikuwa limekwisha kudhoofika, ilhali riziki ya wakataji iliguswa mara moja. Marufuku hayo hayakuzuia mashamba ya mpunga kupanuka kaskazini mwa delta ya Rufiji, ambako mikoko hufyekwa yote pamoja na miti mama, kisha shamba huachwa baada ya miaka kadhaa magugu yanapolishinda jembe.