Ugonjwa wa Parkinson haupimwi kwa mtetemeko wa mkono pekee

MWAKA wa 1817, daktari James Parkinson wa London, Uingereza, alichapisha kijitabu kuhusu maradhi ya kutetemeka ambayo baadaye yalipewa jina lake. Mengi aliyoyaandika yangali sahihi hadi leo. Hata hivyo, aliamini kwamba maradhi hayo huudhoofisha mwili huku akili ya mgonjwa ikibaki salama. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba sivyo. Ndiyo sababu wataalamu sasa huwapima wagonjwa katika nyanja tatu: mwendo, akili na hali ya maisha kwa jumla.

Ugonjwa huu hutokea pale seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini zinapokufa pole pole. Dopamini ndiyo husaidia ubongo kuongoza mwendo wa viungo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Ukali wake haujulikani kwa kupima damu kama inavyofanywa kwa malaria. Daktari hulazimika kumtazama mgonjwa, kumsikiliza na kumpa majaribio madogo madogo.

Kupima mwendo

Orodha ya vipimo inayotumika zaidi duniani ilitayarishwa mwaka wa 1987, na toleo lake lililorekebishwa likachapishwa mwaka wa 2008. Ina sehemu nne. Ya kwanza huuliza kuhusu usingizi, huzuni, choo kigumu na mengineyo yasiyohusu mwendo. Ya pili huuliza jinsi mgonjwa anavyokula, anavyovaa na anavyoandika. Katika ya tatu, daktari humchunguza mwenyewe, na ya nne huhusu matatizo ya mwendo yanayoletwa na matibabu. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0, yaani hakuna tatizo, hadi 4, yaani tatizo ni kubwa mno.

Katika uchunguzi huo, mgonjwa hugonganisha kidole cha shahada na gumba kwa haraka, hukunja na kukunjua ngumi, huinuka kitini akiwa amefumbata mikono kifuani, kisha hutembea na kugeuka. Daktari hutazama iwapo mwendo unazidi kupungua, iwapo mkono mmoja haupungi wakati wa kutembea, na iwapo mgonjwa hukwama ghafla kana kwamba nyayo zimenata sakafuni. Mtetemeko ni dalili moja tu. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, ilhali ugumu wa misuli na wepesi wa kuanguka huwatesa zaidi.

Saa ya kupimwa pia ina maana. Dawa ya levodopa, ambayo hugeuzwa kuwa dopamini ubongoni, huweza kumwezesha mgonjwa kutembea vizuri kwa muda, kisha nguvu yake ikapungua kabla ya kidonge kinachofuata. Daktari asiyejua mgonjwa alimeza dawa saa ngapi anaweza kudhani kwamba ugonjwa umepungua au umezidi, kumbe sivyo.

Kupima akili

Mabadiliko ya akili katika ugonjwa huu mara nyingi hayaanzi kwa kusahau majina ya jamaa. Huanza kwa kufikiri pole pole, kushindwa kupanga shughuli au kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Aliyezoea kuendesha duka lake anaweza kukumbuka wateja wote lakini akashindwa kupiga hesabu ya mauzo ya siku.

Kipimo kimoja kinachotumika sana kilibuniwa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka wa 2005. Mgonjwa huchora saa ya ukutani, hunakili umbo la mchemraba, hutaja wanyama, hutoa 7 mara kadhaa kuanzia 100 na hukumbuka maneno matano. Jumla ni alama 30, na anayepata 26 au zaidi huhesabiwa kuwa yuko sawa.

Hapa pana tahadhari kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Ajuza ambaye hakupata nafasi ya kwenda shule anaweza kushindwa kuchora mchemraba kwa kuwa hajawahi kushika kalamu, wala si kwa ugonjwa. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro nchini Tanzania, watafiti waliounda kipimo cha kutambua upungufu wa akili uzeeni waliliona jambo hilo. Badala ya kuchora, mzee hupewa njiti za kiberiti azipange kufuata umbo analoonyeshwa.

Wilaya hiyo hiyo ilitoa funzo jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2008 ulipata wagonjwa 33 wa Parkinson miongoni mwa wakazi wapatao 161,000, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Asiyejulikana kuwa mgonjwa hapimwi, na asiyepimwa hapati dawa.

Kupima hali ya maisha

Alama za mwendo zinaweza kuwa nzuri huku mgonjwa akiwa amekata tamaa. Uso wa mgonjwa wa Parkinson hukakamaa, hivyo anayeonekana mwenye huzuni huenda hana huzuni, na aliye na huzuni nzito huenda asitambuliwe. Njia ya kujua ni kumuuliza. Lipo dodoso la maswali 39 ambalo hugusa mwendo, shughuli za kila siku, hisia, aibu mbele ya watu, msaada wa jamaa, akili, mawasiliano na maumivu ya mwili. Swali la aibu si dogo. Mtu anayemwaga chai mbele ya wageni huweza kuacha kuhudhuria harusi na ibada, na upweke huo humdhuru kama ugonjwa wenyewe.

Jamaa wanaweza kurahisisha kazi ya daktari. Inafaa waandike saa za kumeza dawa, saa ambazo mwili hukakamaa, idadi ya maanguko na jinsi mgonjwa anavyolala. Wataje pia iwapo anaona vitu visivyokuwepo, au ameanza kucheza kamari au kutumia pesa ovyo, kwani baadhi ya dawa za ugonjwa huu huweza kuleta tabia hizo. Dawa zisikatizwe ghafla bila ushauri wa daktari, kwa kuwa kufanya hivyo ni hatari.

Kipimo kimoja hakitoshi. Alama za leo hupata maana zinapolinganishwa na za mgonjwa huyo huyo miezi kadhaa iliyopita.