Nani Hujenga Kukubali Kushindwa? Raila Odinga na Matokeo ya Urais Kenya, 2007–2022

Kila matokeo ya urais yanapozua ubishi Afrika Mashariki, methali moja hutangulia mbele ya ushahidi: asiyekubali kushindwa si mshindani. Viongozi wa dini na wahariri huitaja, na waliotangazwa washindi huitaja kuliko wote. Fikra iliyomo ni kwamba kukubali matokeo ni suala la tabia, kama mchezaji anayempa mpinzani mkono baada ya kipenga cha mwisho. Naikataa fikra hiyo kwa sababu inamtwisha aliyeshindwa mzigo ambao kwa sehemu kubwa ni wa mwenye kuhesabu kura.

Ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa mtu mmoja. Marehemu Raila Odinga aliwania urais wa Kenya 2007, 2013, 2017 na 2022. Mtu alikuwa yule yule, lakini hakuyapokea matokeo kwa namna moja. Mwaka 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi tarehe 30 Desemba na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Siku chache baadaye mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, Samuel Kivuitu, akasema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Chama cha Odinga, ODM, hakikwenda mahakamani, na zaidi ya watu 1,000 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Odinga angekubali hesabu gani, ikiwa aliyeitangaza mwenyewe hakuwa na hakika nayo? Katiba ya 2010 ikaleta Mahakama ya Juu, yenye siku 14 za kuamua shauri la urais. Tarehe 30 Machi 2013 Odinga alishindwa mbele yake, akasema haafiki uamuzi lakini anauheshimu. Mwaka 2017 tume haikufungua seva zake kama mahakama ilivyoagiza. Uchaguzi ukabatilishwa, Odinga akasusia ule wa marudio, na Januari 2018 akaapishwa na wafuasi wake kuwa “rais wa wananchi”. Mwaka 2022 tume iliweka kwenye tovuti picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000. Fomu hiyo ni karatasi ya kituo kimoja, yenye kura za kila mgombea na saini za msimamizi na mawakala, na nakala yake hubandikwa kituoni. Yeyote aliweza kulinganisha ya mlangoni na ya tovutini. Makamishna 4 kati ya 7 waliyakana matokeo, na tofauti ilikuwa kura 233,211 tu; hata hivyo, baada ya hukumu ya 5 Septemba Odinga alirudia msimamo wa 2013.

Nitaambiwa kwamba 2023 alirudi barabarani. Ni kweli, lakini tutazame alichodai: pamoja na gharama ya maisha, alitaka seva zifunguliwe. Ubishi ulijikita palepale ambapo mwananchi hakuweza kuchungulia. Pingamizi zito zaidi ni la Goodluck Jonathan, rais wa Nigeria wakati huo, aliyempigia mpinzani wake Muhammadu Buhari simu ya pongezi tarehe 31 Machi 2015 kabla ya tangazo rasmi, siku ile ile wakala wa chama chake alipozuia shughuli katika ukumbi wa majumuisho Abuja. Hapo tabia ilifanya kazi, na nakiri kwamba huenda iliokoa maisha. Lakini taifa haliwezi kupanga amani yake kwa kutegemea hulka ya mtu mmoja.

Ndiyo maana mahubiri ya uungwana yananitia wasiwasi zaidi upande wa Tanzania. Ibara ya 41(7) ya Katiba inakataza mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwa Rais aliyekwisha kutangazwa na Tume, na Julai 2020 Mahakama ya Afrika iliamua kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Wanaomtaka mgombea wa Tanzania akubali kiungwana wana wajibu wa kudai kwanza ibara hiyo ifutwe, na karatasi ya kila kituo iwekwe mahali ambapo hata mpiga kura wa kijijini ataisoma.