Kutoka Barabarani Hadi Mtoni

Ukisafiri kwa matatu kutoka Kisii mjini kwenda Nyamira, tafuta kiti cha dirishani. Barabara nyingi za Gusii hupita juu ya migongo ya vilima, kwa hivyo mashamba unayatazama kutoka juu. Utaona kitu ambacho wengi wetu tumekizoea mpaka hatukioni tena: mashamba haya ni marefu na membamba, kama kanga zilizoanikwa mlimani. Yanaanzia barabarani, yanateremka, yanaishia kwenye kijito. Juu kuna nyumba na migomba. Katikati kuna mahindi au majani chai. Chini kabisa kuna nyasi za ng'ombe na mikaratusi.

Hilo umbo ndilo nataka tulizungumzie, kwa sababu siku hizi kila mtu wa rika letu anatumiwa matangazo ya ploti. Ploti ya 50 kwa 100, karibu na lami, hati iko tayari, lipa polepole. Nimetembezwa na mabroka Kisii na Nyamira mara kadhaa, na kitu kimoja hawakuelezi kamwe: hiyo ploti ilikatwa kutoka sehemu gani ya mkanda.

Shuleni tulisimuliwa habari za Otenyo, aliyemchoma mkuki afisa Mwingereza Northcote mwaka 1908. Hakuna aliyetusimulia habari za ua. Na ua ndio ulioleta haya yote. Kabla ya ukoloni, watu wa Gusii walijenga mlimani, na bonde lenye kinamasi lilikuwa malisho ya pamoja. Ardhi ikaanza kubana. Kahawa ikaingia miaka ya 1930, kisha pareto, kisha majani chai, na mtu akishapanda zao la kudumu hataki ng'ombe wa jirani apite hapo. Wakaanza kuzungushia ua. Serikali ilipokuja kupima mashamba na kutoa hati, miaka ya 1960 hasa, haikulazimika kukusanya vipande vya kila mtu mahali pamoja kama ilivyofanya Ukikuyuni. Huku mipaka ilikuwa tayari imeota. Picha zilipigwa kutoka kwa ndege, ua ukaonekana kama mstari, mstari ukawa ramani. Mpaka leo ramani nyingi za ushago zinatokana na ule ua, na ndiyo maana vipimo vyake havilingani sawasawa na vya sorovea wa leo mwenye mtambo wa setilaiti.

Ule mkanda ulikuwa na akili ndani yake. Kila boma lilipata kipande cha kila kitu: mahali pakavu pa kujenga, mteremko wa kulima, na maji. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Aliyechimba choo huko juu na aliyeteka maji huko chini walikuwa watu wa boma moja. Ukiacha udongo ushuke, unashuka kwako. Ukikata mtaro wa kukinga maji ya mvua, mahindi yako mwenyewe ndiyo yanapona. Hakukuwa na haja ya askari wa mazingira, maana uchafu wako ulikurudia kwenye mtungi.

Sitaki kuupamba sana, lakini. Hati hizo hizo ndizo zilizolimaliza lile bonde la pamoja, kwa sababu mipaka iliteremshwa mpaka kwenye maji na kila mtu akapewa ruhusa ya kukausha kipande chake. Tena mabinti hawakuhesabiwa kabisa.

Halafu hesabu ikaanza kukataa. Miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa watoto wanane kwa wastani. Chukua mkanda wenye upana wa mita 60. Baba ana wana wanne. Anaugawa kwa urefu ili kila mmoja abaki na barabara na mto. Mita 15 kila mmoja. Kila mwana naye ana wana watatu. Mita tano. Hapo lori likiingia, halina pa kugeukia. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba kaunti ya Kisii, na karibu 675 Nyamira, na wengi wao si watu wa mjini, ni watu wa shamba. Kwa hivyo kizazi cha tatu kikaanza kufanya kile ambacho wazee walikiepuka: kukata mkanda kwa upana. Wa juu anachukua barabara, wa chini anachukua mto, na anayehitaji karo ya chuo anauza chake kwa mgeni. Mgeni mwenyewe ni wewe.

Sasa tuuteremke pamoja.

Ploti ya juu ndiyo ghali, na kwa jumla ndiyo salama zaidi. Udongo mwekundu wa Gusii ni wa kina na haushiki maji juu. Lakini angalia kalvati za barabara zinatemea wapi. Mkandarasi akishajenga lami, maji yote ya barabara hutafuta shamba la mtu, na likiwa lako utakuwa na korongo ndani ya misimu michache. Halafu kuna radi. Sehemu hizi hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, nyingi yake ikija na ngurumo na mawe, na nyumba ya mabati iliyosimama peke yake mgongoni mwa kilima inahitaji kinasa radi kabla ya kuhitaji geti la kifahari. (Geti huja kwanza, kila mara. Sijui kwa nini.)

Katikati ndipo penye mteremko. Kanuni za kilimo za 1965 zilikataza kulima mahali penye mteremko unaozidi asilimia 35. Ukitazama Manga au Kiabonyoru utaona jinsi zilivyosikilizwa. Ukitaka kujenga hapo utalazimika kukata ukingo, na ukingo uliokatwa bila ukuta wa mawe hurudi wenyewe mwezi wa nne. Katikati pia ndipo yalipo makaburi. Sisi tunazika nyumbani, na kaburi la miaka mingi huwa limefunikwa na migomba. Uliza waziwazi, mbele ya mama wa boma, si mbele ya broka. Na ukienda upande wa Tabaka, uliza habari za mashimo: wachimbaji wa mawe ya sabuni huhama, shimo hubaki, na nyasi huota juu yake.

Chini ndiko kwenye bei ya kutamanisha. Broka hukuleta Januari, jua likiwaka, na kinamasi kinafanana na uwanja wa mpira. Siku moja nilionyeshwa ploti kama hiyo karibu na kijito, na mzee mmoja alikuwa akichunga ng'ombe pale. Nilimsalimu, nikamuuliza kama pana shida yoyote.

"Hakuna shida, kijana," akasema. "Ni vile tu ng'ombe wa baba alizama hapa mpaka shingoni. Tulimvuta kwa kamba."

"Hapa wapi, mzee?"

"Hapo umesimama."

Broka alicheka, akasema hayo yalikuwa mambo ya zamani. Na kweli palikuwa pakavu. Mikaratusi ilikuwa imefanya kazi yake. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 kutoa kuni za reli, na baadaye watu wakagundua kwamba unakunywa kinamasi na kulipa karo kwa wakati mmoja. Mwaka 2009 waziri wa mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Ushago mingi ilikatwa tu, na mkaratusi ukikatwa huchipua upya kutoka kwenye kisiki. Ukiinunua hiyo ploti na kuing'oa kabisa miti ili ujenge, maji yanaweza kurudi kudai mahali pake. Ukiiacha, chemchemi ya jirani inakauka. Sioni jibu rahisi hapo.

Kuna pia hesabu ambayo kila mnunuzi anaweza kuifanya kwa simu. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi karibu na mto, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutoka alama ya juu kabisa ya mafuriko. Futi 100 ni mita 30 na nusu. Yaani ploti yako ya 50 kwa 100 ikiugusa mto kwa upande wake mfupi, na afisa akishikilia ile mita 30, unabaki na nusu mita ya kujenga. Lakini hati ni halali kabisa! Bodi ya ardhi ilikaa, ikakubali, muhuri ukapigwa. Hati inasema ardhi ni ya nani, haisemi inafaa nini. Na maji unayoyazuia au kuyaachilia hapo hayaishii hapo: Gucha hutoka kwenye vilima vya Nyamira, na kila masika watu wa Nyatike, kule Migori, huhama nyumba zao kwa sababu yake.

Kwa hivyo mimi, kabla ya kuuliza bei, huuliza jina kamili la ploti. Huku jina hubeba ukoo: Nyaribari Chache, West Mugirango, Kitutu, kisha eneo, kisha nambari. Shamba likigawanywa, nambari ya zamani hufungwa na mpya huzaliwa, na ofisi ya ardhi huweka kumbukumbu za mgawanyo. Ukizifuata kurudi nyuma, utaupata mkanda mzima ulivyokuwa wakati wa ua. Kisha unatembea kwa miguu, kutoka barabarani hadi mtoni, ukiwahesabu walio juu yako.

Mwezi uliopita niliutembea mmoja hivyo. Mkanda uliokuwa wa boma moja sasa una wenyewe saba. Wa nne kutoka juu amemaliza kuchimba choo cha shimo, kizuri, chenye mlango wa bati jipya. Maafisa wa afya husema choo kikae angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya kunywa. Wa tano anauza. Tangazo lake linasema kuna chemchemi ndani ya ploti, haikauki.