Lyangombe

Lyangombe (pia: Ryangombe, kwa Warundi na Waha hujulikana zaidi kama Kiranga) ni mwindaji na shujaa wa masimulizi ya kale ya eneo la Maziwa Makuu ya Afrika. Inasimuliwa kwamba aliuawa na nyati porini baada ya kupuuza onyo la mama yake, na kwamba baada ya kifo roho yake ikawa na nguvu kuliko alivyokuwa nazo akiwa hai.

Ibada yake, iitwayo *kubandwa*, ilienea Rwanda, Burundi, sehemu za mashariki mwa Kongo na magharibi mwa Tanzania. Kwa Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma wafuasi wake huitwa Baswezi. Kwa njia ya uhamaji wa wakulima, wafugaji na wakimbizi, watu wa makabila yanayosimulia habari zake wamekuwa sehemu kubwa ya wakazi wa Mpanda na mkoa mzima wa Katavi.

## Ukoo na ujana

Masimulizi ya Rwanda humwita Ryangombe mwana wa Babinga. Mama yake huitwa Nyiraryangombe, jina ambalo maana yake ni "mama wa Ryangombe" tu. Katika kisa chote yeye hutajwa kwa uhusiano wake na mwanawe.

Babinga alikuwa mkuu wa Imandwa, kundi la watu wenye nguvu zisizo za kawaida ambao baadaye waliheshimiwa kama roho. Baada ya Babinga kufariki ulizuka mzozo kuhusu nani amrithi. Mpinzani wa Lyangombe aliitwa Mpumutimucuni, na wawili hao walikubaliana kuamua jambo hilo kwa mchezo wa *igisoro*, yaani aina ya bao lenye mashimo 32.

Lyangombe alikuwa akielekea kushindwa. Hapo akatokea kijana mgeni, akasimama nyuma yake na kumwonesha namna ya kucheza kete zake. Kijana huyo alikuwa Binego, mtoto aliyezaliwa mbali na baba yake na aliyekuja kumtafuta. Lyangombe akashinda. Mpumutimucuni alipolalamika kwamba mgeni ameingilia mchezo, Binego alimchoma mkuki. Ndivyo Lyangombe alivyopata ukuu wa Imandwa: kwa msaada wa mwanawe, na kwa damu.

## Ndoto ya mama na kifo

Sehemu inayosimuliwa zaidi ni ile ya mwisho wa maisha yake. Maelezo hutofautiana kutoka sehemu moja hadi nyingine, lakini mpangilio wake ni ule ule.

Usiku wa kuamkia siku ya kuwinda, mama yake aliota ndoto. Aliona mnyama mdogo asiye na mkia, mnyama mwenye rangi moja mwili mzima, kijito kinachotiririka pande mbili kwa wakati mmoja, na msichana ambaye hajapevuka akiwa amebeba mtoto bila mbeleko. Mambo yote manne ni kinyume cha kawaida ya dunia. Mama aliyachukua kuwa dalili za kifo, akamsihi mwanawe asitoke siku hiyo.

Lyangombe alikataa. Basi mama akavua mshipi wake (*umweko*) na kuulaza mlangoni. Katika desturi za eneo hilo mshipi huo ni alama ya uzazi wa mwanamke na heshima yake, na mtoto hapaswi kuuruka. Lyangombe akauruka, akawachukua mbwa wake na wenzake, akaenda.

Njiani aliyakuta yale mambo ya ndoto moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa msichana mwenye mtoto. Msichana akamdai ngozi ya kumbebea mtoto wake. Lyangombe akampa ngozi, naye akaikataa. Akampa nyingine, akaikataa tena, hadi alipopata ile aliyoitaka. Kisha akageuka nyati. Katika mapambano yaliyofuata nyati alimchoma Lyangombe kwa pembe na kumrusha kwenye mti wa *umuko*, mti wa miiba wenye maua mekundu kama moto (*Erythrina abyssinica*).

Akiwa anakaribia kufa, alimtuma mtumishi aliyeitwa Nkonzo apeleke habari nyumbani na kuwaita watu wake. Walipofika na kumwona, watoto na wenzake hawakutaka kubaki nyuma: walijitupa mmoja mmoja kwenye pembe za nyati, wakafa pamoja naye.

## Majuto

Kisa cha Lyangombe hakilaumu udhaifu wa mkono wala uoga. Alikuwa mwindaji hodari na silaha zake zilikuwa nzuri. Kosa lake ni hatua moja aliyoipiga mlangoni pa nyumba ya mama yake. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa aliyevunjika alikuwa mkuu mwenyewe, na aliyemwonya alikuwa mtu pekee ambaye hata mkuu wa Imandwa alipaswa kumtii.

Uzito wa kosa hilo uko katika mambo mawili. Kwanza, Lyangombe alipewa nafasi nyingi za kurudi. Kila alipokutana na dalili mojawapo alijua tayari kwamba ndoto ilikuwa ya kweli, na bado akaendelea mbele. Pili, hakufa peke yake. Mtu wa kawaida akikosea hulipa kwa maisha yake. Kiongozi akikosea, wanaompenda hulipa pamoja naye.

Ndiyo maana agizo la Lyangombe wakati wa kufa lina nafasi kubwa katika ibada. Hakuweza kurudisha mguu wake nyuma ya mshipi. Alichoweza ni kuagiza kwamba watu wamheshimu na kumwita, naye atawasaidia. Kwa waumini wake, msaada wa Lyangombe ulitokana na kifo ambacho angeweza kukiepuka.

## Nguvu zake

Katika imani ya kubandwa, Lyangombe alikuwa chini ya Mungu Muumba (*Imana* kwa Wanyarwanda na Warundi). Imana alifikiriwa kuwa mwema lakini yuko mbali. Lyangombe alikuwa karibu na mambo ya kila siku. Aliaminiwa kuwa na uwezo wa:

* kuwakinga watu dhidi ya roho za wafu wenye hasira, ambazo zilidhaniwa kuleta magonjwa na vifo;
* kuwapatia watoto wanawake waliokosa uzazi;
* kubariki mavuno, mifugo na uwindaji;
* kuwapokea wafuasi wake baada ya kifo.

Kwa Wanyarwanda, makao yake ni juu ya Karisimbi, mlima wa volkeno wenye kimo cha mita 4,507. Huko aliaminiwa kuishi na wafuasi wake kwa raha, wakinywa pombe pamoja. Wale ambao hawakuingizwa katika ibada walisemekana kutupwa katika moto wa Nyiragongo, volkeno hai iliyo karibu na Goma, ambayo katika miaka ya karibuni imelipuka mwaka 2002 na 2021.

Wenzake waliokufa naye huheshimiwa pia. Miongoni mwao ni Binego, anayeogopwa kwa ukali wake, pamoja na Mugasa, Kagoro, Nkonzo na Nyabirungu.

## Ibada ya kubandwa

Mtu aliingizwa katika ibada kwa sherehe zenye daraja mbili. Mti wa umuko ulikuwa na nafasi maalumu kwa sababu ndiko shujaa alikofia. Wakati wa sherehe baadhi ya waumini walichukua nafasi ya Lyangombe, Binego na Imandwa wengine, wakavaa na kusema kama wao. Aliyeingizwa aliapishwa kutunza siri.

Jambo la pekee ni kwamba nchini Rwanda Wahutu, Watutsi na Watwa waliingizwa katika ibada ile ile. Maishani walitengwa na vyeo, kazi na mali. Mbele ya Lyangombe walikuwa ndugu wa ibada moja. Kwa sababu hiyo wataalamu kadhaa wameiona kubandwa kama mojawapo ya taasisi chache zilizowaunganisha watu wa eneo hilo bila kujali tabaka.

Nchini Burundi Kiranga alikuwa pia na nafasi katika ufalme. Mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, yaani "mke wa Kiranga", alishiriki katika mambo ya ibada ya ikulu.

## Wamisionari na kupungua kwa ibada

Wamisionari wa Afrika (White Fathers) walifungua misheni yao ya kwanza nchini Rwanda huko Save mwaka 1900. Waliipinga kubandwa tangu mwanzo, kwa kuwa waliona ni mshindani wa ubatizo: ilikuwa na kuingizwa, majina, wazazi wa kiroho na ahadi ya maisha baada ya kifo. Hata hivyo mmoja wao, padri Arnoux, aliandika maelezo marefu kuhusu ibada hiyo katika miaka ya 1912 na 1913, na kazi yake bado hutumiwa na watafiti.

Tangu miaka ya 1930 watu wengi wa Rwanda na Burundi waliingia Ukristo. Mwami Mutara Rudahigwa wa Rwanda alibatizwa mwaka 1943, na mwaka 1946 aliiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme. Kubandwa ikabaki jambo la faraghani.

## Magharibi mwa Tanzania

Katika Tanzania Lyangombe hujulikana kwa Wahaya, Wahangaza, Waha, Wasumbwa, Wanyamwezi na Wasukuma. Jina Baswezi linafanana na lile la Bachwezi, watawala wa masimulizi ya Bunyoro na Nkore nchini Uganda ambao nao waligeuka kuwa roho za kuabudiwa.

Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, mtu aliweza kuingia Buswezi baada ya ugonjwa ambao mganga aliueleza kuwa ni wito wa roho. Chama kilikuwa na ngoma, nyimbo na maneno yake ya siri. Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyefanya kazi katika serikali ya Tanganyika, alichapisha makala juu ya Buswezi mwaka 1955.

### Mpanda na Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012 kwa kugawa mkoa wa Rukwa, na makao makuu yake ni Mpanda. Wenyeji wake ni pamoja na Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Watongwe. Wasukuma wengi walihamia na mifugo yao katika miongo iliyopita.

Kundi lingine kubwa lilitoka Burundi. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakapewa ardhi katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo, yaliyofunguliwa mwaka 1978. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilikamilisha kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo na wazao wao. Hivyo wajukuu wa watu ambao mababu zao waliapa kwa Kiranga ni raia wa Tanzania leo. Historia yao inaonesha pia kikomo cha ibada: iliwaunganisha watu wa makundi tofauti chini ya mti mmoja, lakini haikuzuia damu kumwagika kati yao.

Katavi una mwindaji wake mwenyewe asiyekufa. Ni Katabi, mwindaji wa masimulizi ya Wabende, ambaye mkoa na Hifadhi ya Taifa ya Katavi hubeba jina lake. Inaaminika kwamba roho yake hukaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na wenyeji wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo ili kuomba baraka. Lyangombe na Katabi ni watu tofauti wa masimulizi tofauti, lakini wanafanana kwa mambo mawili: wote walikuwa wawindaji, na wote wana mti unaotunza kumbukumbu yao.

## Kulinganishwa na mashujaa wengine

Katika masimulizi ya Waswahili wa pwani ya Kenya yuko Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Aliyemchoma alikuwa mwanawe, baada ya kushawishiwa na mtawala wa Pate kwa ahadi ambazo hakutimiziwa. Liyongo aliangushwa na mtoto aliyemwamini. Lyangombe aliangushwa kwa kutomwamini mama. Visa vyote viwili vinafundisha kwamba udhaifu wa shujaa hauko mwilini mwake tu, bali katika uhusiano wake na watu wa nyumbani.

## Tazama pia

* Bachwezi
* Fumo Liyongo
* Hifadhi ya Taifa ya Katavi
* Mkoa wa Katavi
* Wabende