Mji Uliopanda Kilimani na Mto Uliobaki Bondeni

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Dar es Salaam hupita Ipogolo, mtaa ulio bondeni kando ya Mto Ruaha Mdogo. Mji wenyewe wa Iringa uko juu ya kilima. Je, kwa nini mji ukae juu, na maji yako chini? Sababu yake ni vita.

Zamani mji mkuu wa Mkwawa, Mtwa wa Wahehe, ulikuwa Kalenga, ukingoni mwa mto uo huo. Aliuzungushia ukuta wa mawe. Ngome kwa Kihehe huitwa lilinga, na ndiyo asili ya jina Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwashinda Wadachi huko Lugalo, na mkuu wao, Emil von Zelewski, akauawa. Wadachi wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akapigana nao porini hata tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi asishikwe akiwa hai.

Katika mwaka 1896 Wadachi walijenga boma jipya kilimani, mahali ambapo adui huonekana tangu mbali. Jina la Iringa likapanda pamoja na boma, bali mto haukupanda. Hata leo maji ya mjini huvutwa kutoka Ruaha Mdogo.

Kwa hiyo miti ya ukingoni ni mali ya mji mzima, si ya Ipogolo peke yake. Mizizi yake hushika udongo, na majani yaangukayo hupunguza nguvu ya mvua. Ikikatwa, udongo husombwa na mto hujaa matope. Ndiyo maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto.

Ngome ya mawe ilibomolewa kwa mizinga, na nchi nzima ikasikia. Ukingo wa mto hubomolewa kwa jembe na shoka, kidogo kidogo, wala hapana asikiaye kishindo. Basi, nawe ulimaye kando ya mto wowote, uache miti isimame. Hiyo ndiyo ngome iliyobaki.