Nyota Mbili na Nusu

Aprili 1962, jarida la Down Beat la Marekani lilichapisha tathmini mbili za santuri moja. Santuri hiyo ilikuwa ya mpuliza saksafoni John Coltrane, iliyorekodiwa Novemba 1961 mbele ya wateja wa klabu ya Village Vanguard, New York. Kati ya nyota tano, Pete Welding aliipa tatu na nusu. Ira Gitler aliipa mbili na nusu. Wapenzi wa jazi siku hizi huzikumbuka tathmini hizo kwa kicheko. Mimi sioni cha kuchekesha.

Kilichowatatiza ni upande wa pili wa santuri. Umejaa kipande kimoja tu, “Chasin' the Trane”, bluzi ya dakika 16 hivi. Coltrane anaingia kwa kishindo, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye ngoma wakimsukuma, huku piano ya McCoy Tyner ikinyamaza. Bila piano, msikilizaji hana pa kuegemea. Saksafoni inalia, inakwaruza, inang'ang'ania kifungu kimoja mpaka kinachakaa, kisha inakigeuza na kuanza nacho upya.

Welding alikiri nguvu na ukweli wa mlio huo, ila aliuona zaidi kama ushuhuda wa mtu mwenye uchungu kuliko kazi ya sanaa iliyokamilika. Gitler alisema majaribio ya namna hiyo yangebaki kwenye chumba cha mazoezi. Wala Gitler hakuwa adui. Ni yeye aliyebuni, mwaka 1958, usemi maarufu wa “shuka za sauti” kuelezea mmiminiko wa noti za Coltrane. Aliyeandika 1962 alikuwa shabiki aliyeachwa njiani, akasema waziwazi ni wapi alipoachwa.

Sasa linganisha na toleo la Novemba 23, 1961 la jarida hilohilo. John Tynan, baada ya kuwasikia Coltrane na Eric Dolphy huko Hollywood, aliuita muziki wao kinyume cha jazi. Santuri ya Vanguard ilipotoka, hukumu hiyo ilikuwa imeshatangulia.

Kwetu Tanzania, Morogoro Jazz na Western Jazz walijiita jazz bila kuomba kibali cha mtu. Coltrane, aliyepiga na Miles Davis na Thelonious Monk, ndiye aliyeambiwa yuko nje ya nyumba. Na wenye kushika funguo walikuwa nani? Mwaka 1963 LeRoi Jones aliandika, katika Down Beat yenyewe, kwamba wahakiki wengi wa jazi walikuwa Wamarekani weupe, ilhali wanamuziki wake wakubwa wengi hawakuwa weupe.

Coltrane na Dolphy walijibu Aprili 12, 1962, wakizungumza na Don DeMicheal wa jarida hilo. Walijibu kwa upole, hata walipoulizwa kwa nini wanapuliza muda mrefu namna ile. Coltrane alisema anataka kumpa msikilizaji picha ya maajabu anayoyahisi ulimwenguni. Ninaposoma maneno hayo nauona upole, lakini pia naona mtu mzima akilazimika kueleza kwa nini anastahili jina la kazi yake.

Mwaka 1965 wasomaji wa Down Beat walimchagua Coltrane mwanajazi wa mwaka, na A Love Supreme ikawa santuri ya mwaka. Ushindi huo haumfanyi Gitler mwongo. Ile bluzi bado ni ngumu, nami huimaliza nikiwa nimechoka. Tathmini yake naweza kuibishia: naweka santuri, natega sikio pale alipolalamika, nakubali hapa na kukataa pale. Neno la Tynan halinipi nafasi hiyo. Halisemi ni noti gani iliyomkera, linasema tu nani si wa humu.