Kumbukumbu ya Mteja: Kutoka Uaminifu wa Butembo hadi Kidakuzi

Mwishoni mwa karne ya 20, wafanyabiashara Wanande wa miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walipojenga njia za bidhaa kutoka Dubai na Asia ya Mashariki, biashara yao ilisimama juu ya uaminifu, yaani kumbukumbu ya nani alichukua mali na nani alilipa. Tovuti za intaneti, kinyume chake, zilizaliwa bila kumbukumbu, kwani kila ukurasa ulioombwa ulihesabiwa kuwa ombi la mgeni. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi, yaani maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi ndani ya kivinjari, programu ya kusomea kurasa, ili mnunuzi atambuliwe na kikapu chake kisipotee.

Vidakuzi huruhusiwa au kuzuiwa katika mipangilio ya faragha ya kivinjari, ambako pia vile vya matangazo, vinavyomfuata msomaji kutoka tovuti moja hadi nyingine, vinaweza kukataliwa peke yake. Kanuni ya Dijitali ya Kongo ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda data binafsi, lakini anayetumia kompyuta ya watu wengi na afute vidakuzi kabla ya kuondoka.